Abiria wa Wodi ya Nne

Saa mbili asubuhi, Jumapili, kwenye kituo cha mafuta kilicho mkabala na hospitali, fundi mmoja mwanamke ambaye wote walimwita Kabureta alikuwa amepiga magoti kando ya skuta ya rangi ya maziwa, akipuliza tundu lililoziba. Pikipiki thelathini na moja zilipangwa mstari mmoja, zote zimemzidi umri, zote zimeng'arishwa hata ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama kwenye tangi. Ilikuwa siku ya msafara wa hisani. Kila mwaka klabu ya wapenzi wa pikipiki za kizamani ilizunguka mji na kuishia hospitalini, kukabidhi mashine ya oksijeni kwa wodi ya nne.

Marehemu walifika saa mbili na robo. Walitoka kwenye lango la hospitali wawili wawili, wamevaa yale magauni ya bluu yanayofungwa kwa nyuma, wakatazama kulia na kushoto, wakavuka barabara. Kila mmoja alichagua pikipiki akakaa nyuma ya dereva. Wenye pikipiki waliwasogezea nafasi. Katibu wa klabu alipita na daftari akimuuliza kila mmoja alifia wapi. Wote walifia wodi ya nne.

"Wangetoa taarifa mapema," alilalamika. "Fulana nimechapisha za madereva tu."

Kabureta alizunguka akiongeza upepo kwenye tairi za nyuma, maana marehemu si wepesi kama watu wanavyodhani. Aliporudi kwenye skuta ya rangi ya maziwa, alimkuta kaka yake amekaa juu yake. Alikuwa amefariki miezi kumi na moja iliyopita. Skuta ile kaka aliiunga mwenyewe enzi za uhai wake kutoka kwenye mabaki ya tatu zilizokufa, na sasa ilikuwa ya Mwenyekiti wa klabu.

"Hujala," kaka yake akamwambia.

"Nitakula baadaye. Kifua je?"

"Kiliacha kuuma siku ile ile."

Siku ile Kabureta alikuwa amemshika mgongo, amekaa naye ukingoni mwa kitanda, huku kaka anahangaika kuvuta pumzi kama injini iliyoishiwa mafuta. Aliomba mashine. Akaambiwa haipo. Akaomba tena. Haipo, dada, jaribu kuelewa.

Msafara uliondoka saa tatu kamili. Watu walisimama barabarani wakapunga mikono, na marehemu waliokuwa na nguvu wakawapungia pia.

Uani mwa hospitali palikuwa na turubai, viti na mashine iliyofunikwa kitambaa chekundu. Mgeni wa heshima alikata utepe, akapigwa picha, akaondoka haraka kwa sababu alikuwa na shughuli nyingine. Marehemu walipiga makofi kama watu wenye adabu zao. Kisha kaka alishuka kwenye skuta, akainama, akabandua kwa ukucha pembe ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, imeandikwa jina la klabu na mwaka. Chini yake palikuwa na karatasi ya mwaka jana. Chini ya hiyo, ya mwaka juzi. Zilikuwa nne.

"Ni ile ile," alisema bila kupaza sauti. "Ndiyo niliyoambiwa haipo."

"Ni ile ile, ndiyo," msimamizi wa hospitali akakubali. "Hukaa stoo. Plagi yake haiingii kwenye soketi za wodi. Tumeshaandika barua."

"Lini?" Kabureta akauliza.

"Mwaka wa kwanza."

"Dada, hayo ni mambo yao ya ndani," Mwenyekiti akasema. "Sisi kazi yetu ni kukabidhi." Kisha akawaomba marehemu wasogee kushoto kidogo, wanaziba bango.

Kabureta aliwapa mgongo. Alichukua bisibisi na koleo, akaisukuma mashine kuelekea ndani. Marehemu walimfungulia milango. Korido walikuwa wanaijua. Kwenye kitanda cha dirishani palikuwa na mama mmoja, mshonaji, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, binti yake amemshikilia wima. Kabureta alikata plagi ya mashine, akafungua ya feni mbovu iliyokuwa ukutani, akaifunga mahali pake. Mashine ikanguruma. Midomo ya mama ikarudiwa na rangi, akauliza kama kuna chai.

"Dakika saba," kaka akasema. "Nilisubiri siku tatu."

Mtunza stoo alikuja na fomu mkononi. "Mgeni wa heshima hakusaini. Isiposainiwa bado ni ya stoo."

"Mama yangu anapumulia hiyo!" binti akapiga kelele.

"Naona, dada. Mimi mwenyewe nina mama. Lakini stoo ikionekana na pengo, kazi sina."

Akaizima kwa upole. Kabureta aliing'ang'ania mashine. Marehemu nao waliishika, wote thelathini na mmoja, lakini walinzi walikuja na barua yenye mhuri, wakaanza kuivuta kurudi stoo.

Kabureta alikimbia mpaka uani. "Mwenyekiti, sema neno moja tu. Wewe ndiye uliyeikabidhi. Waambie waiache pale!"

Mwenyekiti alikuwa anavaa glavu. "Nikisema leo," akamjibu, "mwakani tutakabidhi nini?"

Kabureta alimtukana. Lilikuwa tusi refu, halikuruka hata ndugu mmoja wa upande wa mama, na Mwenyekiti alilisikiliza mpaka mwisho kisha akapiga kiki. Skuta iligoma. Akapiga tena. Alimwita Kabureta mara tatu, Kabureta hakugeuka.

Pikipiki nyingine zilikuwa zimeshawaka, marehemu wameshapanda, kilio cha binti kiliposikika kutoka dirishani. Punde mama mshonaji akatokea mlangoni, ndani ya gauni la bluu, akitembea wima bila kushikwa. Alipita katikati ya pikipiki akiwaamkia watu, akamfuata katibu kumuuliza ipi ni ya kwake.

Katibu alitazama daftari, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Pole, mama. Usajili wa mwaka huu tumeshafunga."

"Haya, mwanangu. Mwakani nije saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo," katibu akasema, huku anaandika. "Wahi. Mwakani mtakuwa wengi."