Dua ya Kifundo cha Mguu

Mjukuu wangu ni kipa, ila tangu asajiliwe kazi yake ilikuwa kukaa. Timu kubwa ya mpira ilimlipa avae glavu, akae benchi, amtazame kipa wa kwanza akidaka. Hizo glavu nilikuwa nazifua mimi kwenye sinki la bafuni, na sikumwacha salama.

"Mume wangu, glavu za fundi bomba zina tope kuliko zako."

"Subiri, Bibi. Siku nikicheza utazisugua mpaka uchoke."

"Nisubiri mpaka lini? Meno yenyewe hayakunisubiri."

Tunamwita Mlingoti, kwa urefu wake. Yeye ndiye aliyetuleta, mimi na mama yake, tukaishi ghorofa ya sita katika nchi ambayo hata salamu yake inanitegua ulimi. Mama yake, yaani binti yangu, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Mimi napika, nafua, nachungulia majirani. Vibali vyetu vya kuishi vilining'inia kwenye mkataba wake, na klabu ilishamwambia wazi: msimu ukiisha hajacheza, afungashe. Na msimu ulikuwa ukingoni.

Ndipo akatuletea tiketi. Nilikuwa sijawahi kukanyaga uwanja wa mpira wa kulipwa. Mpira nilioujua mimi ni ule wa makaratasi unaovunja vyungu vya watu. Tukakalishwa kwenye jukwaa la familia za wachezaji, baridi inang'ata. Kushoto kwangu alikaa mama mmoja mnene, rika la binti yangu, ana blanketi la kijani. Aliponiona natetemeka alilikunjua, akatufunika magoti wote wawili. Akanimiminia chai ya moto kwenye kifuniko cha chupa. Kisha akanyoosha kidole uwanjani, kwa kipa aliyevaa jezi ya njano, akajipiga kifuani.

"Anasema yule ni mwanawe," binti yangu akanifasiria.

"Mwambie hongera. Mwambie wangu ni yule pale anayepasha benchi moto."

"Mama! Nitamwambiaje hivyo?"

Mpira ukaanza. Huyo wa njano alidaka kama mtu anayeanua nguo zake kambani, hana haraka, hana wasiwasi. Kila akidaka mama yake ananifinya paja kwa furaha, na mimi naona vibali vyetu vinapeperuka. Nikainua mikono juu, macho yangu kwa kijana wake, nikaomba kwa sauti. Nani pale angenielewa?

"Ee Mungu, sikuombi makubwa. Kifundo cha mguu tu. Cha kushoto. Kiteguke kidogo, apumzike, mama yake amnyweshe supu. Amina."

"Mama, acha upuuzi!" alisema binti yangu, lakini alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Mama wa blanketi akatuona tunacheka, naye akacheka.

Kipindi cha pili ikapigwa kona. Wakaruka watu wengi pamoja na yule kijana. Sikuona vizuri. Nilisikia tu, sijui kwa vipi katika zile kelele, kama nazi imeangukia sakafu. Halafu uwanja mzima ukawa kimya. Wa njano alikuwa chini, mguu wake mmoja unatikisika peke yake. Wa kushoto.

Mama yake akasimama, akanishika mkono, hakuniachia. Tukateremka ngazi, blanketi linanizonga miguuni, mpaka kwenye korido ya saruji walikompitisha kwenye machela. Macho ya kijana yalikuwa wazi, hayatazami kitu. Mama yake hakulia. Alikuwa akimfunga kamba ya kiatu iliyolegea, huku machela inatembea, huku naye anatembea.

Gari la wagonjwa likawachukua. Nyuma yangu uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Binti yangu akanifikia, anahema. "Ameingia, Mama. Mlingoti ameingia! Amedaka penalti."

Uso wake haukujua ucheke au ulie. Mimi nilikuwa nimekumbatia blanketi la watu.

Jioni Mlingoti akarudi na glavu zimejaa tope.

"Bibi, uliniona?"

"Nilikuona, mume wangu. Ulikuwa mrefu kuliko goli."

"Wamesema yule asiporudi, mkataba ni wangu." Hakugusa chakula. "Bibi, yule ndiye aliyekuwa akibaki na mimi baada ya mazoezi. Ananipigia krosi mpaka giza linaingia. Hakuna aliyemtuma."

Nikazipeleka glavu sinkini. Nilizisugua mpaka nikachoka, kama alivyoniahidi. Nikawa nagombana na mbingu: nilisema kifundo. Huyo malaika anayepokea maombi hajui kichwa kiko wapi na mguu uko wapi?

Siku chache baadaye simu ya binti yangu ikalia. Akasikiliza, akajibu maneno mawili, akakaa juu ya rundo la nguo zilizokunjwa.

"Ni mama wa kipa. Mwanawe hajaamka." Akaiweka simu chini. "Anasema siku ile alikuona umeinua mikono, unamwombea mwanawe. Anakusihi uje umwombee tena."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini, Mama?"

Tukaenda. Blanketi nilikuwa nimelifua na kulikunja. Chumba kilikuwa cheupe, na mashine ndiyo iliyokuwa ikimpumulia yule kijana. Mama yake, ule unene wote ulikuwa umemwisha usoni. Akanivuta mpaka kitandani, akainamisha kichwa, akangoja.

Nikainua mikono.

"Ee Mungu, ni mimi tena, yule wa kifundo. Safari hii sichagui kiungo. Mrudishe mzima, adake kama alivyokuwa akidaka. Wangu arudi benchi, nasi tufungashe. Tulikuwa na kwetu kabla ya hapa."

"Amina," akasema binti yangu, polepole, maana ndiye peke yake aliyeelewa tulichokuwa tunakiachia. Na yule mama akasema amina, akanibusu mkono.

Mashine ikaendelea kupumua. Nikalikunjua blanketi nimfunike kijana miguu. Kabla sijamfunika nikakigusa kifundo chake cha kushoto. Kilikuwa kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo.