Pale Mgongo wa Pugong Ulipopiga

Uwanja wa shule ulikuwa unamwagwa saruji, ndiyo maana niliwateremsha wanafunzi hadi kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa. Somo lilikuwa bultong, mieleka ambayo sisi Waifugao wa milima ya Ufilipino tuliitumia kuamua kesi za mashamba: anapoangukia mtu, hapo ndipo mpaka. Nilikuwa mgeni kijijini, niliyeletwa na ndoa, na hakuna aliyeniambia kwamba tuta la pale linagombewa na wazee wawili, Lunag na Binwag.

"Mshike nguo ya kiunoni, Pugong," nilimwambia mwanafunzi wa kwanza.

"Huyo amezoea kushika kijiko, mwalimu," Dulnuan, mpinzani wake, akamchokoza.

"Kijiko hakinuki kama wewe."

Wakashikana huku wanacheka. Dulnuan akamnyanyua, akambwaga chali ng'ambo ya tuta. Mkono wa Pugong ulilia kama ukuni mkavu unaovunjika.

Kabla sijamfikia, Lunag, baba mdogo wa Dulnuan, aliruka kutoka jaruba la juu. Akakata tete kwa panga, akalichomeka pale mgongo wa mtoto ulipopiga.

"Mpaka ndio huu. Mmeona wote."

"Lilikuwa somo tu, mzee."

"Basi somo limekwisha."

Binwag, babu yake Pugong, alikuja mbio na jembe. Akampiga Lunag begani. Panga likajibu, likaondoka na sikio. Damu ikarukia sare za watoto. Mwanangu alilia mgongoni kwangu, nikamvutia mbeleko usoni. Wazee wakaviringika matopeni, wakipigana vichwa, mpaka Lunag akawa juu na panga liko kooni kwa mwenzake.

"Mababu hawakuitwa," Pugong akasema.

Alikuwa amesimama, mkono unaning'inia, meno mekundu kwa damu.

"Unasemaje?"

"Mwalimu alitufundisha jana, mzee Lunag. Kabla ya kushikana, mababu huitwa waje washuhudie. Leo hawakuitwa. Hapa nimeanguka mimi tu."

Lunag akamgeukia Dulnuan. "Ni kweli?"

"Kweli, baba mdogo. Hata kuku hatukuchinja."

Panga likabaki pale pale, na damu ikaanza kutoka chini yake. Kisha Lunag akainuka, akang'oa tete, akalivunja juu ya goti, akanipa vipande viwili.

"Mfunge mkono huyo."

Nikafungua mbeleko. Dulnuan akampokea mwanangu, akambembeleza, nami nikaanza kuufunga mkono wa Pugong. Nyuma yetu Binwag alikuwa anapapasa matope, akitafuta sikio lake, na baada ya muda Lunag naye akainama kumsaidia.