Jiwe la Kufulia

Dezi Nahmias alizoea kuwatembeza wageni katika mitaa ya zamani ya Wayahudi wa Thesaloniki, lakini asubuhi hiyo alikuwa na mtu mmoja tu, mjomba wake Alberto, aliyeondolewa mjini humo angali mtoto. Walikuwa wakipanda kichochoro cha mlimani, mara mzee akaingia kwenye ua wa watu bila hodi.

"Mjomba, hapo si kwetu," Dezi alinong'ona akimfuata.

Alberto alikuwa amesimama mbele ya bomba. Chini yake palilazwa bamba la marumaru la kufulia, na katikati ya povu zilionekana herufi za Kiebrania. Dezi alijua lilikotoka. Wakati wa vita makaburi ya Wayahudi yalivunjwa, mawe yakachukuliwa mji mzima kujengea.

Nyuma yao lango likafungwa kwa kishindo. Mwanamume wa miraba minne alisimama na koleo mkononi.

"Mmekuja kupima nyumba ili mdai ni yenu? Nilijua iko siku mtakuja."

"Nyumba hatuitaki, bwana. Tunapita tu," Dezi alisema.

"Mnapita uani kwangu?"

Dezi alimvuta mjomba wake, lakini mzee alishapiga magoti kwenye maji, anasugua herufi kwa mkono wa koti.

"Dada, mwambie ainuke kabla sijamwinua mimi."

"Rikula, binti Moshe," Alberto alisoma bila kugeuka. "Alikufa kwa uzazi."

Yule mtu akasita. "Ni ndugu yenu?"

"Simjui. Lakini mkeo anafulia juu ya jina lake."

"Mke wangu alikufa. Nafua mwenyewe."

Kisha akalitupa koleo, akafungua lango.

"Nyumba hii ni yangu na kaka yangu, naye hatakubali jiwe litoke. Njooni Jumapili akiwa kanisani. Mje na gari."

Dezi aliteremka akitazama nyuma. "Ni mtego huo, Mjomba."

"Basi mimi nitakuja peke yangu."

Dezi hakumwacha aende peke yake. Jumapili walikuta lango limefungwa. Jiwe lilikuwa nje, limesuguliwa likang'aa, na ndani wanaume wawili walikuwa wakigombana kwa sauti kubwa. Kitu kikavunjika. Dezi na mjomba wake wakaliburuta jiwe mpaka garini, mikono ikiwachubuka, na Dezi akawasha gari kabla mzee hajafunga mlango.

Jioni walimsomea Rikula dua kando ya jiwe lake katika makaburi mapya ya Wayahudi. Wiki iliyofuata Dezi alipita kichochoro kile peke yake. Yule mtu alikuwa akifulia kwenye beseni, jicho moja limevimba. Alimwona, akaendelea kufua.