Chupa Tatu za Otis

Bibi Vergie alikuwa jikoni akihifadhi maharagwe machanga kwenye chupa, kama wafanyavyo wanawake wa milima ya Kentucky kila Julai, mjukuu wake Otis alipoamka. Otis alikuwa na miezi sita. Akainamisha kichwa, akatupa mikono pembeni kama anayetaka kumkumbatia mtu, akalegea. Akarudia, mara saba.

"Kitendawili," akasema Vergie.

"Tega, mama, ila leo sina raha," akajibu binti yake Tressa, mama wa mtoto.

"Aitikia kwa kichwa, wala hajaulizwa."

Tressa alimpakata mwanawe, akalia.

Daktari wa pale karibu alikwisha kumtazama Otis mara mbili, na mara zote mbili Otis alitulia tuli. "Gesi tu hiyo," alisema, "na mama ana wasiwasi." Kwa daktari wa ubongo walipangiwa Septemba. Lakini mtoto alikuwa anapungua. Jumapili alisahau kukaa. Jumatatu akamsahau paka aliyezoea kumchekea.

Basi Otis alipoamka tena adhuhuri, Vergie alimtegea chupa tupu chini ya kidevu. Mitikisiko tisa ikaingia, mmoja mmoja. Akafunika, akachemsha, mfuniko ukalia ko! kuonyesha umeshika. Akaandika juu yake: Otis, tisa, adhuhuri.

"Umetia chumvi?" Tressa akauliza.

"Chumvi ya nini? Kwani utaila?"

Kufikia Jumanne chupa zilikuwa tatu. Wakaendesha gari mwendo wa saa tatu hadi hospitali kubwa, wakaingia mlango wa dharura. Otis akalala fofofo, uso kama malaika. Daktari wa zamu, kijana mwenye miwani, akamgeuza huku na huku.

"Sioni kitu, bibi. Na miadi anayo."

"Fungua hii, mwanangu," Vergie akamnyooshea chupa ya adhuhuri. " Ila keti kwanza."

Daktari akaketi, akafungua. Kichwa chake kikainama, mikono ikaruka, mara tisa. Muuguzi naye vilevile, na mlinzi mlangoni, ambaye kahawa yake ilimwagika. Mlinzi akaenda kutafuta kitambaa. Daktari akaiweka sawa miwani.

"Hili ni degedege la wachanga," akasema. "Halingoji hata kesho. Mbona hamkumwona daktari mapema?"

"Tulimwona," akasema Tressa.

Baada ya saa moja Otis alikuwa na nyaya ishirini kichwani, na dawa yake inaandaliwa. Vergie akambusu kisigino. "Mume wangu wee! Umekuwa redio ya babu yako."

Nje, dirishani kwa karani wa mapokezi, alisimama mama mwingine na binti yake mchanga begani. Alikuwa akieleza kwa mara ya tatu jinsi mtoto anavyojikunja akiamka. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, hata saa alizitaja. Karani alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama naye amekuja na chupa.

Hakuja nayo. Akapangiwa Oktoba.