Mshumaa Kwanza

Mzee Rasim alisema safari iwe Jumamosi, tena msimu huu huu wa zabibu, na asiyetaka kumpeleka aseme mapema, atajiburuta mwenyewe mpaka stendi na mtungi wake wa oksijeni. Maneno hayo yalimtoka vipande vipande. Pafu moja lilikuwa limekwisha, na la pili lilimpa maneno mawili matatu kisha linamdai hewa.

"Jumamosi kutajaa watalii, baba," Okan akamwambia. "Pa kuegesha gari hatutapata."

"Siendi... kutalii."

Hapo hakuna aliyebisha. Kila mtu katika chumba kile, mjini Izmir, alijua anaendea nini. Mzee alikuwa anakufa, na kabla ya kufa alitaka neno moja kutoka kwa kaka yake Bedri kule Asmali: nimekuhalalishia. Basi. Deni la Mungu utalipana naye mwenyewe, yeye ni mwingi wa rehema. Haki ya mja ni mja mwenyewe akusamehe, au ukasimame nayo siku ya Kiyama. Mzee Rasim alikuwa mtu wa divai toka azaliwe na msikitini alionekana Ijumaa tu, lakini hili lilimnyima usingizi kuliko kikohozi.

Na haki yenyewe haikuwa ndogo.

Asmali ni kijiji cha divai, kiko juu kwenye vilima nyuma ya mji wa Selçuk, kwenye nyumba za mawe walizoziacha Wagiriki. Kila nyumba ina andaki, na kila andaki lina tangi lililochimbwa chini, la kuchachushia zabibu. Zabibu zikichacha hutoa hewa mbaya. Huioni, huinusi, inatulia chini ya tangi kama paka anayevizia. Ndiyo maana Asmali hakuna mtu anayetia mguu tangini kabla hajateremsha mshumaa ndani ya kopo kwa waya. Mshumaa ukiwaka, shuka. Ukizimika, kaa juu ukanywe chai. Mshumaa kwanza, mtu baadaye. Watoto wa kule wanayajua hayo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mwaka wa balaa lile, Rasim bado anaishi kule, basi la wageni lilikuwa limesimama nje linapiga honi, na mrija wa tangi umeziba. Levent, mtoto wa pekee wa Bedri, kijana mwenye mchumba tayari, alikuwa anautafuta mshumaa. Rasim akamwambia, "Shuka bwana, mshumaa wa nini? Jana nimeshuka mimi na niko hapa." Levent akashuka. Walimtoa kwa kulabu.

Bedri hakupiga mtu wala hakutukana. Alipomaliza kumzika mwanawe alimwambia mdogo wake, "Sikuhalalishii." Rasim akahamia Izmir na familia yake, Okan bado ananyonya. Tangu siku hiyo ndugu wale hawakuambiana hata salamu ya Idi.

Sasa kazi ya kumpigia simu ikamwangukia Okan. Yeye alikuwa kitinda mimba, anaziba pancha gereji. Shule walishindwana zamani, na kukaa kitako kilikuwa kitu asichokiweza. Alikwenda nyuma ya rundo la matairi, akapiga.

"Nani?"

"Okan, baba mkubwa. Mtoto wa Rasim."

Upande ule kuku alikuwa analia.

"Kafa?"

"Hajafa. Anataka kuja huko."

"Kufanya nini? Kuonja divai na watalii?"

"Umhalalishie, baba mkubwa. Mapafu yamekwisha. Madaktari wameshanyoosha mikono."

Okan akaitazama simu kuona kama imekatika. Kisha mzee yule akasema, taratibu, kama mtu anayepima unga:

"Mlete. Lakini chai yangu hanywi, na sebuleni kwangu hakai. Atashuka pale alipomshusha mwanangu. Akishuka, nitamhalalishia."

"Baba mkubwa, huyu hata kitandani hapandi bila kushikwa!"

"Sikusema apande. Nimesema ashuke."

Simu ikakatwa.

Okan alirudi nyumbani akamkuta mzee ameketi, macho kodo mlangoni. "Kasemaje?"

"Kasema karibu," Okan akajibu, na hakumtazama usoni.

Mzee akafumba macho. Halafu akaitisha shati lake jeupe lipigwe pasi, na siku zote zile mpaka Jumamosi nyumba ikawa kama inaandaa arusi. Ndevu zinyolewe Ijumaa, siyo kabla. Chupa ya kolonya, manukato ya ndimu, iwekwe mfukoni, asije akanuka dawa mbele ya kaka yake. Gari wataazima kwa Ferhat, yule rafiki wa Okan wa gereji, viti vyake vinalala nyuma. Mtungi wa pili wa oksijeni uwe kwenye buti. Waondoke asubuhi kabla jua halijawa kali, wanunue boyoz za moto, vile vimkate vya mafuta, njiani, mzee hatakula lakini anataka kusikia harufu yake. Hata njia aliichagua mwenyewe: wasipite barabara kuu, wapite ya mashamba ya tini.

Dada yake Okan, Seher, ndiye aliyekuwa anamlisha na kumgeuza mzee. Usiku mmoja hakudanganyika tena. Alimbana mdogo wake jikoni.

"Baba mkubwa Bedri kasema 'karibu'? Yule? Niambie ukweli, Okan, nisije nikakuvunjia sufuria kichwani."

Akamwambia. Seher akakaa kwenye stuli.

"Una akili wewe, au kichwani una matairi? Huu ni mwezi wa tisa! Matangi yote yanachemka sasa hivi. Unampeleka akafe?"

"Hatashuka. Nitaongea na baba mkubwa tukifika. Akimwona alivyokonda ataona haya."

"Na asipoona?"

"Basi tungoje. Wakati wa baridi matangi ni matupu, mtu unaweza kutandika godoro mle ukalala."

Seher akainuka. "Baridi gani, mdogo wangu? Huyu baba ana baridi mbele yake?"

Okan alichukua taka akaenda kuzitupa, ndoo yenyewe haikuwa imejaa.

Jumamosi ikafika. Walimbeba mzee mpaka garini, mrija puani, shati jeupe limemtundika kama liko kwenye hanga. Gari lilipoanza kusogea Seher akamwaga bilauri ya maji nyuma ya magurudumu, kama mama yao alivyokuwa akifanya: nendeni kama maji, mrudi kama maji. Nusu ya maji yakamlowesha viatu.

Walipoyapita mashamba ya tini mzee akasema, bila kugeuka:

"Kasema... nishuke. Siyo?"

Usukani nusura umponyoke Okan. "Nani kakwambia?"

"Kaka yangu yule. Ningekuwa mimi... ningesema hivyo hivyo."

"Baba, hushuki popote. Tunaongea naye, tunarudi."

"Wewe... endesha gari."

Asmali ilikuwa imefurika. Wanawake wanakaanga gözleme, chapati za jibini, vibarazani, watalii wanaonja divai ya visne, zile cheri chachu, na ya forosadi kwa vikombe vidogo, wanacheka, wanapiga picha milango. Okan alimbeba baba yake mgongoni katikati ya kicheko hicho, mtungi ukimgonga paja kila hatua. Mtu mmoja akawapisha akidhani mzee kalewa. "Divai ya huku si mchezo!" akasema, wenzake wakacheka. Okan angekuwa na mkono mmoja mtupu angemtia ngumi.

Bedri alikuwa amesimama kwenye mlango wa andaki lake. Mkubwa kwa Rasim, lakini wima kama nguzo, mikono myeusi kwa maji ya zabibu, mikono ya koti imejaa unga wa mbao. Okan aliuona unga ule akadhani mzee alikuwa anatengeneza mapipa. Wale ndugu wawili walitazamana.

"Umezeeka," Bedri akasema.

"Wewe... hapana," Rasim akasema.

"Mtungi huo uacheni nje. Ndani kuna moto."

"Baba mkubwa, tuongee kwanza," Okan akaanza.

"Mimi na wewe hatuna neno, kijana. Ulikuwa unanyonya."

Rasim mwenyewe akautoa mrija puani. Wakaingia.

Andaki lilikuwa giza na baridi, harufu yake kali inapanda kichwani. Tangi lilikuwa kwenye kona, mdomo wake wazi sakafuni, ncha za ngazi zimechomoza. Chini lilikuwa linachemka polepole, likitoa sauti kama watu wengi wanaonong'ona. Bedri akawasha mshumaa, akautia kwenye kopo, akauteremsha kwa waya, pembeni kabisa, karibu na ukuta. Wote watatu wakainama kuutazama; mwali ule mdogo haukuonyesha kitu ila ukuta. Mwali ukasimama, ukalala upande, ukawa wa buluu. Ukazimika.

"Umeona?" Bedri akasema. "Kazi yake ndiyo hiyo. Kufumba na kufumbua."

"Nimeona."

"Mwanangu hakuuona."

"Najua, kaka."

Rasim akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, kama mtu anayeingia msikitini. Akashika ngazi. Midomo yake ilikuwa imeshabadilika rangi. Akageuka kinyumenyume, akateremsha mguu wa kwanza mpaka kwenye kipago, na Okan akamtazama baba yake mkubwa, akingoja mkono unyooke, akingoja aseme basi, inatosha.

Bedri hakusogea. Alikuwa amesimama tu, waya mkononi, taya zimefungwa.

Anamwacha, Okan akawaza. Huyu anamwacha kweli.

Akaruka. Akamshika baba yake makwapani, akamvuta. Mzee akapigana naye. Yule mtu asiyeweza kuinua kijiko alimpiga mwanawe ngumi ya mdomo mpaka damu ikatoka, huku anakoroma, "Niache! Niache... mbwa wewe!" Okan hakumwacha. Alimbeba juu juu kama gunia, akatoka naye kwenye jua, akamrudishia mrija puani. Watalii waliacha kucheka.

Nyuma yake, ndani ya giza, Bedri alisema kitu kimoja tu. "Mpumbavu." Nani aliambiwa, Okan hakujua.

Viatu vya mzee vilibaki kule.

Njia nzima ya kurudi Mzee Rasim aligeuzia uso dirishani. Boyoz zilipoa kwenye karatasi yake. Nyumbani aligeukia ukutani, na tangu hapo chakula alipokea kwa Seher tu. Okan akiingia, anafumba macho. Okan akitoka, anafumbua.

Hali ilipokuwa mbaya kabisa, Okan alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuwahi kupiga magoti mbele ya mtu, hata mwalimu aliyemfukuza.

"Baba. Nihalalishie. Nilikuokoa, baba, ulikuwa unakufa mle."

Mzee akageuza kichwa. Ilimchukua muda mrefu kukusanya pumzi.

"Nilishaweka... mguu," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwa mwanawe. Okan alibaki pale mpaka magoti yakafa ganzi, akingoja jingine. Mzee akafa alfajiri, akiwa amemshika Seher kidole.

Walimzika Izmir. Jeneza likawekwa juu ya jiwe uani msikitini, watu wakapanga safu, imamu akawageukia akauliza kama inavyoulizwa: mmemhalalishia haki zenu? Watu wakajibu, tumemhalalishia. Akauliza mara ya pili. Na katika safu ya nyuma ikatoka sauti nene iliyozidi zote, ikasema, "Nimemhalalishia." Okan akageuka. Bedri alikuwa amesimama pale na koti lake lile lile, kwapani amebana kifurushi cha gazeti. Mara ya tatu alijibu peke yake, wengine wakawa wamenyamaza kumsikiliza.

Baada ya maziko akamfuata Okan, akampa kifurushi. Vilikuwa vile viatu, vimepigwa rangi.

"Sasa umesema," Okan akamwambia. "Maiti ndiyo inasikia, siyo? Akiwa hai ulikuwa unamtazama tu anakufa."

Bedri alimtazama bila hasira. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilipigilia mbao mle," akasema. "Siku mbili nzima, na mkono huu hauna nguvu tena. Chini ya kipago cha pili. Nilibakiza upenyo ukutani wa kupitisha mshumaa, basi. Angeshuka mpaka magotini, angesimama juu ya mbao, kichwa chake kiko kwetu hapa juu. Nami ningesema."

Unga wa mbao kwenye mikono ya koti. Okan aliuona tena akilini, mweupe, mbichi, kama siku ile.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia. Na angejua kuna mbao, angekuwa ameshuka wapi?" Mzee akavuta kola ya koti lake. "Mguu mmoja, kijana. Ulikuwa umebaki mguu mmoja."

Akaondoka kuwahi basi, wima vile vile, hakugeuka.

Jioni watu walipokwisha kula halua ya msiba wakatawanyika, Seher alikuja akakaa kwenye ngazi za nje karibu na mdogo wake. Viatu vilikuwa katikati yao. Okan alikuwa anatikisa mguu, anatikisa, hawezi kuuacha.

"Mimi nimekuhalalishia, Okan," dada yake akasema. "Kila kitu."

"Wewe," Okan akasema, "sikukukosea kitu."