Muwa wa Mtukufu Sherembe

Kobolea ni nchi yenye juu na chini, isiyo na katikati. Juu ya kilima, penye upepo na nyumba zilizopakwa chokaa, waliishi Waliokobolewa, jina walilojipa wenyewe bila aibu, na sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba kisichomenywa hakiliwi. Mchele ulisuguliwa mpaka ukang'aa, mahindi yakavuliwa ganda na kiini, ukabaki unga mweupe usio na harufu, machungwa yakakamuliwa, yakachujwa na kutiwa sukari hadi yakasahau kwamba yaliwahi kuwa machungwa. Rangi mezani ilikuwa alama ya umaskini, na kijani ndiyo iliyokuwa fedheha kuu. Pumba, maganda, majani na mbegu, vyote vilisombwa na mfereji wa mawe uliotoka jikoni mwa ikulu ukateremka mpaka Bondeni, walikoishi watu wengine wote, waliolima kila kilicholiwa juu na kurudishiwa kilichokataliwa.

Mtawala wao, Mtukufu Sherembe, alikuwa na kila kitu isipokuwa amani ya kinywa. Kiti cha Kobolea hakirithiwi. Wahenga wa nchi ile, ambao bila shaka walipenda mzaha, waliacha mila moja tu: kila mwaka, siku ya kuvuna miwa, anayetaka kukikalia kiti husimama katika uwanja wa Bondeni, humenya muwa kwa meno yake mbele ya halaiki, hutafuna, kisha humkabidhi muwa huo aliye karibu naye ili uzunguke kwa wote. Akishindwa, kiti si chake tena. Na mwaka huo fizi za Sherembe zilikuwa zikitoka damu hata kwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa.

Maumivu angeyavumilia. Kilichomkosesha raha ni Mwanatungwa. Mama wa Mwanatungwa ndiye aliyemnyonyesha Sherembe, kwa hiyo wawili hao walikuwa ndugu wa ziwa moja, wa umri mmoja, mmoja akapandishwa kilimani na mwingine akabaki chini. Kutoka dirishani kwake Sherembe alimwona akipasua kuni, akicheka huku kichwa kakirusha nyuma, meno yote yakiwa mahali pake, ngozi ikimeta utadhani amepakwa mafuta. Kijiba cha roho kilimkaba. Kwa nini yeye? Kwa nini mtu asiye hata na kitambaa cha meza acheke namna ile? Mwishowe akaagiza aletwe.

"Dada, niambie kweli," alisema Sherembe, mkono ukiwa umeziba kinywa. "Mnakula nini huko chini?"

"Makubwa! Si hayo hayo mnayotutupia, kaka? Uji wa pumba. Kisamvu, matembele, dagaa na vichwa vyao. Papai likiiva, papai."

"Usinifanye mtoto. Hakuna anayekaa na meno kama hayo kwa kula pumba. Mmeficha kitu."

"Basi shuka uje ule. Sufuria yangu haina mlinzi."

Alisema hivyo bila kejeli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kwa dakika moja Sherembe alitamani kweli kushuka, akae kwenye mkeka, achovye tonge kwenye mchuzi wa kijani kama walivyofanya wakiwa watoto. Kisha akawaza watakavyomcheka kilimani. Tabibu wa ikulu aliwahi kunong'ona kwamba vitamini zimo katika vile vinavyotupwa. Alihamishiwa Bondeni siku hiyo hiyo, na inasemekana amenawiri sana.

Badala ya kushuka, Sherembe akatoa amri: kila jani, kila papai na kila dagaa wa Bondeni vipandishwe kilimani mpaka siku ya muwa ipite. Mikokoteni ikapanda ikilia. Kusema kweli hakuwaza sana fizi zake. Aliwaza sufuria ya Mwanatungwa ikiwa tupu, na wazo hilo lilimshibisha kuliko chakula.

Ila jiko la ikulu lilikuwa na desturi zake, na mpishi mkuu, Bwana Matambi, hakuwa mtu wa kuzivunja.

"Kijani hakipandi mezani, Mtukufu. Kwanza tukisafishe."

"Safisheni," alisema Sherembe, maana hata yeye hakuweza kuiwazia meza yenye rangi.

Wakayachemsha majani kwa magadi, wakamwaga maji, wakayakamua, wakayachemsha tena, mpaka zikabaki nyuzi zilizopauka zisizo na ladha ya chochote. Dagaa walivuliwa vichwa na miiba wakabaki si kitu. Mapapai yalilowekwa mpaka yakapoteza wekundu. Mtukufu alikula nyuzi zile kwa uma wa fedha, akisubiri afya. Na maji yale mazito ya kijani, pamoja na vichwa vyote vya dagaa, yakashika njia yake ya siku zote, mferejini, hadi Bondeni, ambako watu walikuwa wamekwishakinga vyungu.

Kutoka dirishani alimwona Mwanatungwa akinywa supu ile, akajifuta midomo, akaongeza. Sherembe alilia kwa wivu, waziwazi, mbele ya watumishi.

Siku ya muwa ikafika. Uwanja ulijaa, kiti kikabebwa kikawekwa nyuma ya Mtukufu. Sherembe aliushika muwa, akafumba macho, akauma kwa nguvu zote. Kitu kilivunjika, kila mtu akasikia, na halaiki ikashangilia ikidhani ni ganda. Akautoa mdomoni upesi, akampa aliye karibu naye bila kutazama.

Aliye karibu alikuwa Mwanatungwa. Aliugeuza muwa, akaona jino limekwama kwenye ganda lisilochubuka. Hakulionyesha kwa watu. Alilichomoa taratibu, akalitia kiganjani mwa Sherembe na kukifumba kwa vidole vyake mwenyewe.

"Umesahau kitu chako, kaka."

Kisha akauma pale pale. Ganda likachanika refu, kwa sauti moja safi, maji ya muwa yakamchirizika kidevuni, na shangwe zote zikakatika. Watu walimtazama yeye, wakatazama kiti. Kiti kilikuwa wazi, hatua moja tu kutoka kwa Mtukufu, na hakuna aliyemzuia kukikalia. Lakini Sherembe alisimama na jino lake mkononi, mate yakimjaa mdomoni, akimsikiliza dada yake anavyotafuna.