Mwili Ulipokataa

"Na usiniambie ulisinzia," Yustina alisema, akimwinulia bintiye kifaranga aliyekakamaa. "Mkaa ulikuwepo, kiberiti kilikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapohapo," Blessing alijibu.

Mvua ilikuwa imeipiga Chanika tangu alfajiri. Bandani, vifaranga wote walikuwa wamekufa, wamelundikana kona moja kutafuta joto. Yustina alikuwa ameondoka saa tatu kufuata chanjo, na kazi pekee aliyomwachia binti yake wa miaka kumi na sita ilikuwa kuongeza mkaa kwenye jiko la kuwapa vifaranga joto, lisizime. Kutoka kibarazani mumewe Projestus akatia lake: mtoto kadekezwa, apelekwe bweni, huko ataamshwa kwa kengele. Yustina akaafiki. Miezi kadhaa sasa walikuwa wakimwita mvivu. Walimnyang'anya simu, wakamnywesha dawa ya malaria mara mbili bila kumpima.

"Hapohapo wapi?"

"Kwenye kigoda, pembeni yao. Niliwaona wanalaliana. Nikajiambia inuka, tia mkaa. Mwili ukakataa, mama. Nikawaangalia mpaka wakanyamaza."

Hakulia wala hakujitetea. Yustina alikuwa na stashahada ya mifugo. Kuku mgonjwa alimjua akiwa bado mlangoni, kwa kule kujitenga na kuacha kula. Sasa ndiyo kwanza akamtazama mwanawe. Mifupa ya shingo imetokeza. Nywele hazijafumuliwa tangu lini, hata hakumbuki. Gauni linamning'inia.

Akauliza kavukavu, kama alivyozoea kuuliza kila kitu.

"Unatakaga kufa?"

Projestus akamkemea, mtoto hatamkiwi maneno kama hayo.

"Tangu mwezi wa saba," Blessing alisema.

Huu ulikuwa wa kumi na moja. Miezi minne wamekula meza moja.

Projestus akaanza habari za mchungaji na za majirani, watasema binti yao kichaa. Yustina hakuwa na hakika kama kuna daktari wa kumrudishia yule mtoto aliyekuwa akiimba akifua. Moyoni aliona amechelewa. Akanawa mikono. Akamvisha Blessing koti, mkono huu kisha ule, maana mwenyewe hakujisogeza, akamshika kiwiko mpaka barabarani, akasimamisha bajaji.

"Hospitali ya wilaya," alimwambia dereva. "Twende sasa hivi, hatusubiri abiria."

Akampandisha Blessing kwanza, kisha akapanda mwenyewe. Bajaji ikaondoka.